Tukio Langu la Mechi ya Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Imebaki nafasi moja kwenye basi la tawi. Moja! Na lazima iwe yangu.

Jioni walijazana tena karakanani kwa Mjomba. Mjomba ni fundi cherehani. Mimi na Bibi tunaishi naye, chumba cha nyuma. Karakana yake ndiyo makao makuu ya tawi la mashabiki wa timu ya taifa, kwa sababu ana televisheni kubwa na hana mke wa kuuliza wageni wanaondoka saa ngapi. Wiki hii hapakaliki. Mjomba anashona bendera ya kwenda nayo uwanjani, kubwa mno hata nusu yake imetolewa dirishani, na watoto wa mtaa washaifanya hema.

Mwenyekiti wetu ni Kinyozi wa mlango wa pili. Akapanda kigodani na kandambili zake nyekundu, zile za bahati ambazo siku ya mechi hazivui hata akienda kulala. Akakohoa. Akatangaza kwamba Jumamosi tunakwenda uwanjani kukutana na Majirani (nchi ya pili, si nyumba ya pili, ingawa na hao wa nyumba ya pili sina salamu nao), kwamba basi limejaa isipokuwa kiti kimoja, na kwamba kiti hicho hakinunuliwi. Kitapatikana kwa tukio.

Shajara yangu, wewe ni mgeni hapa, kwa hiyo nakueleza. Kwenye tawi letu kila mtu anamiliki tukio lake moja la Mechi ya Mvua, ile tuliyowafunga Majirani tatu kwa mbili, tukiitazama hapa hapa karakanani. Ukilisimulia, kwa mikono na miguu, wengine wote wananyamaza hata kama wamelisikia mpaka wamelikariri. Kipa wetu kupangua penalti, hilo ni la Bibi. Kadi nyekundu ya beki wao ni ya Mama Chai. Bao la tatu, ule mpira wa adhabu wa mwisho kabisa, ni la Mwenyekiti, na halisogelewi. Kusimulia la mwenzio ni wizi. Fundi bomba alijaribu kusimulia kadi nyekundu mbele ya Mama Chai mwenyewe. Mpaka leo kwenye kilinge hiki Mama Chai hampi chai, anakunywa maji.

Sasa: Alhamisi, wale tusio na tukio tutasimama na kusimulia. Atakayewasisimua watu zaidi anapanda basi.

Tuko wawili. Mimi na Spika. Spika ndiye huyo wa nyumba ya pili, tunasoma darasa moja. Akinong'ona darasani kwetu, mwalimu wa darasa la jirani anageuka. Mimi wananiita Kimya. Nimesomeshwa kwa lugha mbili na nimenyamaza kwa zote mbili.

Na kuna jambo jingine, ambalo naliandika hapa tu na nikimaliza naficha daftari kwenye gunia la vitambaa. Mechi ya Mvua sikuiona. Nilikuwemo karakanani, ndiyo. Lakini Majirani wakivuka katikati ya uwanja natafuta pa kujificha, na sisi tukishambulia ndiyo balaa zaidi. Kipindi cha pili chote nilikuwa chini ya meza ya kukatia. Mimi ni shabiki mkubwa kuliko wote ambao hawajawahi kuiona timu yao ikifunga bao.

Si hoja. Basi hilo napanda.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa Kwanza: kuazima tukio la Bibi. Bibi ana kiti chake tayari, tukio la nini tena?

Nilianza kwa upole. Nikamsugua miguu kwa mafuta. Nikamtungia sindano zake zote uzi. Nikamkoroga uji ukawa hauna hata donge. Bibi akaipokea miguu, akazipokea sindano, akanywa uji, akapangusa mdomo, ndipo akaniuliza nataka nini. Nikamwambia. Akasema mjukuu wangu, tukio ni kama mswaki, hata mtu umpende vipi humwazimi. Kisha akaninyooshea mguu wa kushoto, kwamba huu sikuusugua vizuri.

Nikausugua. Sina kinyongo. (Ninacho.)

Mchana nilikutana na Spika bombani. Akaniuliza mbele ya foleni nzima kama Alhamisi nitasimulia kwa sauti au niletewe ubao na chaki. Watu wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba yeye amechagua pale kocha wetu aliposhangilia bao la pili akateleza, akakaa kwenye matope na suti yake nyeupe. Tukio zuri. Limelala peupe muda wote huu, halina mwenyewe, na mimi sikulijua kwa kuwa nilikuwa natazama misumari ya chini ya meza.

Jibu la kumjibu nililipata. Jibu kali, la kumaliza mtu. Nililipata jioni, naosha vyombo. Sufuria lililisikia lote.

Ila pale pale bombani nilitega Mpango wa Pili. Nikiwa nimeinamia ndoo, nikasema, kama naongea na maji, kwamba watangazaji wakubwa wa mpira hufungua koo kwa kupiga kelele ndani ya pipa tupu, alfajiri, mpaka koo lilainike. Spika akadharau. Akasema huo ni upuuzi.

Lakini nilimwona akilitazama pipa la kwao.

Jumatano, 5 Machi

Alipiga kelele pipani tangu jogoo hajawika! "Kochaaa! Chiniii!" Mtaa mzima uliamka. Mimi nilikuwa nimeamka zamani, nimejifunika shuka, natabasamu gizani. Ilipofika saa ya kwenda shule sauti yake imekwisha. Darasani alijibu mahudhurio kwa kuinua mkono. Mimi na yeye tumekuwa sawa! Nilikaribia kumwonea huruma. Nikajizuia.

Jioni akaja karakanani. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti nzito, ya mikwaruzo, kama ya mtangazaji aliyezeekea redioni. Akasema "Habari za jioni" tu, Mama Chai akaacha kumimina akasema nywele zimemsimama. Fundi bomba akamwomba aseme tena. Mwenyekiti akavua kofia yake akamvika, akasema kijana huyu koo lake ni mali ya taifa.

Nimempa mwenyewe. Kwa mdomo wangu, ambao kwa mwaka mzima unatoa maneno ya kujaza kiganja.

Haidhuru! Upo Mpango wa Tatu, niliouweka akiba tangu jana. Kama matukio ya kweli yamekwisha, natengeneza. Nimetunga ndege. Ndege mweupe, alitua juu ya goli la Majirani mwanzo wa kipindi cha pili, akampa kipa wao mgongo, na hapo hapo mimi nikajua tumeshinda. Nani atakataa? Wote walikuwa wanatazama mpira.

Na nafasi ya mazoezi nimeshaipata. Jana mwalimu wa lugha ya pili alitupa insha, tueleze jambo tuliloliona kwa macho yetu. Nikamwandikia Mechi ya Mvua, na ndege wangu ndani, na vivumishi vyote ninavyovijua. Leo amerudisha. Alama nusu! Chini kwa wino mwekundu ameandika kwamba ndege anamwona vizuri, refa anamwona, hata mvua anaisikia, ila mimi hanioni. Nilikuwa wapi?

Nilikuwa wapi inamhusu nini? Amesomea sarufi, si upelelezi. Kwa Kiswahili nitamfanya ndege awe mkubwa zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika yote, hata yasiyofaa.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu. Pembeni ya karakana kuna pazia, wanapojaribia nguo wateja. Nikamwambia Mjomba nitasimulia nikiwa nyuma ya pazia, kwa ajili ya kuleta hamu. Mjomba ananijua. Akasema sawa, ila nisikanyage gauni la bibi harusi lililotundikwa humo.

Spika akaanza. Lazima nikiri, hapa peke yake: alikuwa mzuri. Alimshusha yule kocha kwenye matope polepole, suti, kiuno, mfuko wa shati, kwa ile sauti niliyomnunulia mwenyewe. Makofi, vigelegele, mpaka cherehani ikatikisika.

Zamu yangu. Nikaingia nyuma ya pazia nikakumbatia gauni la watu. Nikaanza. Sauti ikatoka! Ndogo, lakini imetoka. Ndege mweupe, nikasema. Mbawa kama shuka la hospitali, nikasema. Akatua juu ya mwamba wa goli...

Spika akauliza kwa ile mikwaruzo yake: mvua ile, ambayo refa mwenyewe alikuwa anaitafuta filimbi kwa kupapasa, huyo ndege alikuwa nani? Bata?

Mtu mmoja akalia kama bata. Wa pili akamjibu. Kisha wote, hata Mama Chai! Karakana ikawa bwawa. Mwenyekiti anawatuliza huku mabega yanamcheza.

Nikaona basi linaondoka. Nililiona kabisa, taa zake za nyuma, na Spika dirishani na kofia ya Mwenyekiti. Na hapo, kwa hasira, si kwa ujasiri, nikapayuka kwamba ndiyo, ndege hakuwepo! Sikuona ndege wala goli wala refa! Nilikuwa chini ya meza ya kukatia, na niliona miguu yenu!

Mabata yakanyamaza.

Mdomo ukishateleza haurudi, kwa hiyo nikaendelea. Nikawaambia kwamba kabla ya ule mpira wa adhabu wa mwisho, nilimwona Mjomba amekaa kwenye cherehani anakanyaga pedali, anakanyaga, na nguo hakuna. Alishona hewa tangu refa anapanga ukuta, na alipokuja kusimama, suruali yake ilikuwa imeshonwa pamoja na pazia la mteja. Nikawaambia mguu wa kulia wa Bibi ulichomoka kiatuni ukaanza kupiga chini, taratibu, kabla mpiga mpira hajarudi nyuma, kana kwamba mguu umeambiwa. Mama Chai alikuwa anasimama kwa ncha za vidole. Fundi bomba alikuwa amemkanyaga Spika na Spika hajui. Kisha kukawa kimya. Na kisha, nikasema, miguu yote ikaondoka. Yote! Nilitazama sakafu kutoka ukuta mpaka ukuta na hapakuwa na mguu hata mmoja chini. Vumbi tu, na vipande vya uzi, na kiatu cha Bibi peke yake. Nchi nzima iko juu, mimi peke yangu ndiye niliyebaki ardhini naishikilia. Hivyo ndivyo nilivyojua ni bao. Kelele zilikuja baadaye, na miguu ikanyesha.

Nikachungulia kwa upenyo wa pazia. Bibi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga na kuangalia mguu wake wa kulia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyefaulu.

Ningeishia hapo! Ewe mdomo, uliyelala miaka yote hiyo, ungeishia hapo! Lakini Mama Chai akauliza, kwa furaha, na kandambili nyekundu je, nazo ziliruka? Na mimi, niliyekuwa nimenogewa, nikajibu kwamba hapana, zile zilitoka nje kwa mlango wakati refa anapanga ukuta, na zikarudi miguu ilipokwisha kutua.

Lile bao la tatu. La Mwenyekiti. Ambalo kila mara humalizia kwa kusema alimwona kipa wao machoni.

Mwenyekiti akashuka kigodani. Akasema nafasi ya basi itatolewa na mwenyekiti, kwa wakati wa mwenyekiti. Akatoka. Kandambili zikasikika mpaka mlango wa pili, pa, pa, pa, kisha komeo.

Na bado walikuwa hawajatulia, wameanza kugombea bao la tatu sasa ni la nani.

Ijumaa, 7 Machi

Kinyozi hakufungua asubuhi. Alipofungua ikawa mbaya zaidi. Mteja wa kwanza, akiwa amenyolewa nusu, alimuuliza kipa alikuwa na macho ya rangi gani. Kinyozi akaweka mashine chini, akamfungulia mlango. Mtu yule amepita mtaani upande mmoja ana nywele, upande mmoja hana, na kila anayemwona anajua habari.

Spika anapita dirishani kwetu akiimba wimbo wa safari. Anasema mwenye kumvunjia heshima mwenyekiti hapandi hata toroli.

Basi nikafanya Mpango wa Nne: nimwendee Kinyozi, niseme kwamba nilikosea, kwamba chini ya meza palikuwa na giza, nyekundu na kahawia zinafanana. Nitasema uongo mpaka nipate kiti. Mjomba alikuwa na shuka la Kinyozi, lile la kuwafunga wateja shingoni, alilomshonea pindo. Nikalibeba.

Alikuwa peke yake, anajitazama kwenye kioo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikaweka shuka. Nikafungua mdomo ili nianze uongo. Mdomo ukagoma! Jana umemwaga yasiyotakiwa, leo unatakiwa, haumo. Nikabaki nimesimama kama nguzo.

Yeye ndiye aliyesema. Akauliza, akiwa anaongea na kioo, kama niliona kandambili zilikwenda wapi baada ya mlango. Nikatikisa kichwa. Akasema zilikwenda nyuma ya tangi la maji. Akasema alisimama huko ameziba masikio, anaimba wimbo wa taifa, ubeti wa kwanza tu kwa sababu wa pili haujui. Akasema tangu utotoni hajawahi kuutazama mpira wa adhabu mpaka mwisho, na kwamba mtu akiwa mwenyekiti hana wa kumwambia jambo kama hilo.

Nikamwambia misumari ya chini ya meza ya Mjomba ninaijua mmoja mmoja.

Akacheka kwa pua. Akasema kiti ni changu. Kipo karibu na chake, na sharti ni moja, nikae kimya.

Nikae kimya! Mimi! Hilo ndilo somo pekee ninaloweza kulifundisha.

Nimeshinda. Na ieleweke: sikushinda kwa kusema kweli, kama Bibi anavyotangaza huko nje. Nimeshinda kwa mipango. Ilikuwa minne na mmoja lazima ulifanya kazi.

Jumapili, 9 Machi

Jana nilikuwa na pilikapilika, sikuandika. Naanza mwanzo.

Asubuhi nilikwenda kupanda basi mbele ya mtaa mzima. Nikapita dirishani kwa kina Spika taratibu, na mtu akipita taratibu dirishani kwa mtu ana haki ya kugeuka mara moja. Nikageuka mara tatu. Dirisha tupu. Nikaingia ndani ya basi. Spika amekaa mbele, kwenye kile kiti cha utingo, na ile kofia! Dereva ni baba yake mdogo. Ametabasamu na kunipungia. Yale yote, pipa, bata, gauni la bibi harusi, kumbe angepanda tu.

Sikumpungia.

Uwanja sitaueleza, ni mkubwa. Bendera ya Mjomba ilifunika safu za watu kuanzia juu mpaka chini, na ukiwa upande wa mbele ni shangwe, na ukiwa chini yake ni kama ndani ya chandarua. Nimejua hivyo kwa sababu nitakazozieleza.

Kipindi cha kwanza nilitazama. Karibu chote. Niliona kona yao moja, nikaona refa, nikaona jua. Mwenyekiti pembeni yangu alikuwa wima, kifua mbele, anaelekeza wachezaji kwa kidole. Bibi alikuwa amekaa juu ya mto aliokuja nao. Nikajiambia nimekua, safari hii naona bao kwa macho yangu, na mwalimu wa lugha ya pili atajua nilikuwa wapi.

Kisha, mechi inakaribia kwisha, bila kwa bila, refa akapuliza. Mpira wa adhabu. Wetu. Pale pale, karibu na boksi lao!

Nilikuwa chini ya bendera kabla ya filimbi kunyamaza.

Kijani, joto, harufu ya kitambaa kipya cha Mjomba. Nikafumba macho, nikafumbua, nikatambaa kuelekea kwenye upenyo. Na pale mbele yangu, zimechuchumaa: kandambili nyekundu. Mwenyekiti alikuwa ameziba masikio, anaimba. Aliponiona hakuacha kuimba. Alisogea tu kidogo, akanipa nafasi.

Nikatazama miguu. Viatu vya watu, ndala, mguu wa kulia wa Bibi umechomoka tayari, unapiga sakafu, taratibu. Kimya. Na kisha, ee bwana wee, ikaondoka yote! Safu kwa safu, mpaka mwisho wa macho yangu, zege tupu! Bendera ikapaa na mikono ya watu, mwanga ukaingia, na mimi na Mwenyekiti tukabaki tumechuchumaa, tunaishikilia nchi, tunalia na kucheka kwa pamoja.

Moja bila. Mpaka mwisho.

Kwenye basi la kurudi watu walianza kugawana matukio. Tukaketi mimi na Mwenyekiti na vichwa vyetu pamoja. Akanong'ona kwamba bao hili lazima liwe letu, tulimiliki wawili, mimi na yeye, kabla Spika hajalitia mkono. Nikanong'ona kwamba tukubaliane tuliona nini. Tukakubaliana: mguu wa kushoto, juu ya ukuta, kona ya juu, na kipa wao tulimwona machoni. Mimi ndiye niliyetaka tuongeze macho, kahawia. Mwenyekiti akasimama akatangaza. Nami nikasimama pembeni yake, nikasema kwa sauti, basi zima likasikia: kahawia!

Spika akageuka kule mbele. Akasema, kwa ile sauti, kwamba mpira uligonga mwamba ukarudi, akaumalizia beki wetu kwa kichwa, na kipa wao alikuwa amelala chini kifudifudi.

Mama Chai akasema kwa kichwa, kweli. Fundi bomba kwa kichwa. Bibi naye, damu yangu mwenyewe, kwa kichwa.

Tumekaa. Hatujabadilisha neno. Ulikuwa mguu wa kushoto. Basi zima halikuona vizuri, bendera iliwaziba.

Mechi ya marudiano ni mwezi wa sita, kwao. Tayari nina mpango. Kuna ndege mmoja mweusi.